Njia ya Bara na Vituo Vyake

Neno hongo lina historia ndefu kuliko wadhaniavyo wengi walitumiao leo kwa maana ya rushwa peke yake. Zamani za misafara ya pembe na nguo, hongo ilikuwa ada ya njia: mali aliyoitoa mwenye msafara kwa wazee wa nchi aipitayo, ikiwa ni doti za nguo, au ushanga, au nyaya za shaba zilizoitwa masango, ili apewe ruhusa ya kupita, kuteka maji, kununua chakula na kulala usiku pasipo kushambuliwa. Haikutolewa kwa siri wala kwa haya. Ilidaiwa hadharani, ikajadiliwa siku mbili au tatu chini ya mti, ikahesabiwa mbele ya mashahidi, na mara nyingine ikawa nzito hata ikamfilisi tajiri wa msafara. Lakini kila aliyeilipa alijua amempa nani, na amepata nini badala yake.

Neno hilo hunirudia moyoni kila nisikiapo mjadala wa barabara za kasi za kulipia, mjadala ambao katika Kenya ulipamba moto kwa sababu ya Nairobi Expressway na ambao sasa unaielekea njia nzima ya kutoka Mombasa kwenda bara. Watu hushindana juu ya gharama, juu ya madeni, na juu ya dakika atakazookoa mwenye gari, na hayo yote yana haki ya kujadiliwa. Lakini njia ya bara ni ya kale kuliko lami na kuliko reli, na mtu akiifuata kwa kurudi nyuma, miaka mia na zaidi, huona jambo ambalo katika mabaraza yetu halijapata mtetezi: kila njia hii ilipoongezewa kasi ilipunguziwa vituo, na kila kituo kilichoondoka kiliondoka pamoja na riziki ya watu waliomtunza msafiri na kutunzwa naye.

Tumtazame mpagazi wa Mombasa wa katikati ya karne ya 19, aliyejitwika frasila mbili, yaani takriban ratili 70, na juu ya mzigo huo akaongeza mkeka wake, chungu chake na posho ya siku chache. Mwendo wake kwa siku ulikuwa maili kumi au kumi na mbili, na siku za mwanzo zilikuwa miongoni mwa zilizo ngumu, kwa sababu mara baada ya kuiacha minazi ya pwani na vilima vya Rabai, njia huingia Nyika ya Taru, nchi ya miiba na udongo mwekundu, isiyo na mto wa kutegemewa mpaka Voi. Mahali pamoja hapo njiani paliitwa Maji ya Chumvi, na jina hilo latosha kueleza kilichomngojea mwenye kiu. Palikuwa na Taru penyewe, ambako mvua huacha maji katika mashimo ya mawe, na kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara alipimwa ustadi wake kwa kujua shimo lipi bado lina maji na lipi limekwisha kukauka. Kila kituo kilikuwa mahali pa maji, na kila mahali pa maji palikuwa na wenyewe.

Wenyewe hao hawakukaa kando wakiitazama biashara ikipita. Wakamba walikuwa mabingwa wa njia hii kabla ya misafara ya pwani kuizoea, wakishuka na pembe mpaka Mombasa na kupanda na nguo, na katika matajiri wao alitajika Kivoi wa Kitui, ambaye mwaka 1849 alimpokea mmisionari Ludwig Krapf, naye Krapf kutoka nchi hiyo akauona Mlima Kenya. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa safarini, karibu na mto Tana, akiwa pamoja na Krapf. Wamasai nao walijulikana kwa kudai hongo kwa ukali, na Joseph Thomson, Mskochi aliyeondoka Mombasa mwaka 1883 kuivuka nchi yao, aliona ushanga na nyaya zake zikipungua kambi baada ya kambi. Sisemi kwamba hongo ilikuwa insafu daima, maana dhuluma ilikuwako, na msafara wenye bunduki nyingi mara nyingine ulilipa kwa risasi. Nasema tu kwamba njia ya miguu ilimlazimisha mpitaji kusema na mwenye nchi, na mali ya njia, kwa wema au kwa shari, ilibaki njiani.

Mabadiliko ya kwanza yalikuja na gari la ng'ombe. Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyoongozwa na Sir William Mackinnon, ilianza mwaka 1890 kupasua njia ya magari kutoka pwani, na baadaye Kapteni Sclater akaiendeleza kutoka Kibwezi kuelekea Busia. Njia hiyo haikuishi, kwa kuwa reli iliipiku kabla haijakomaa. Iliacha jina lake tu, Mackinnon Road, katika kituo kimoja cha Nyika nitakachokirudia.

Kisha ikaja reli yenyewe. Wakamba husimulia habari za mwaguzi wao, bibi Syokimau, aliyebashiri kwamba atakuja nyoka mrefu mwenye kutoa moto na moshi, atakayetambaa kutoka maji makuu ya mashariki hadi maji ya magharibi. Mjini London, wakati huo, nyoka huyo alikuwa akijadiliwa kwa hesabu za pauni. Henry Labouchere na wenziwe katika Bunge waliupinga mradi kwa maneno makali, wakiona mali ya mlipa kodi wa Uingereza inatupwa porini. Waliouunga mkono walitoa hoja ya chemchemi za mto Nile, ya kukomesha biashara ya watumwa, na ya soko la Uganda. Makadirio yalikuwa pauni milioni tatu, na matumizi yakapita milioni tano. Msomaji wa leo akizisoma hoja hizo atastaajabu jinsi zinavyofanana na zetu: deni, faida, heshima ya taifa, hofu ya dola nyingine kutangulia. Na atastaajabu zaidi kuona kwamba pande zote mbili, zikigombana usiku kucha, hazikumwita hata mtu mmoja ambaye reli ingepita katika shamba lake au malisho yake.

Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwezi wa Desemba 1901 vyuma vikafika ufukoni mwa ziwa, mahali panapoitwa leo Kisumu. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 kati yao hawakurudi, wakiuawa na homa, na kuhara damu, na ajali, na mwaka 1898 huko Tsavo na simba wawili ambao habari zao zimeandikwa mno hata zikafunika vifo vya homa vilivyokuwa vingi mara nyingi zaidi. Wanandi waliipinga reli kwa miaka, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905 katika kikao kilichoitishwa kwa jina la suluhu. Na kwa kuwa njia iliyogharimu kiasi hicho haina budi kujilipa, serikali ya himaya ikaamua kuwaleta walowezi walime mazao ya kusafirishwa, ikawagawia ardhi ya nyanda za juu, na mwenye ardhi akawa kibarua juu yake. Huo ndio uliokuwa ushuru mkubwa wa reli ya Uganda, na haukutajwa katika makadirio ya Bunge lolote.

Treni ilikuwa na kasi, lakini bado ilikuwa na kiu. Mtambo wa mvuke hauwezi kwenda mbali pasipo kujaza maji, wala wasimamizi wake kukaa bila chakula na malazi, hivyo reli ilipoua vituo vya msafara ilizaa vyake, vichache zaidi na vyenye nafasi pana katikati yake: Voi, Mtito Andei, Makindu. Abiria wa miaka ile ya mwanzo walishuka kula stesheni, wakanyoosha miguu, wakapanda tena. Mji uliopitwa na reli ulidhoofika, na ushahidi wa hayo uko Machakos, ambako Kampuni ilikuwa na boma lake tangu mwaka 1889, na ambako, baada ya reli kupita mbali, makao ya utawala wa jimbo yaliondolewa na kupelekwa penginepo. Hapo penginepo palikuwa kambi ya mahema na karakana, takriban maili 327 kutoka Mombasa, katika uwanda wa majimaji ambao Wamasai waliuita kwa jina la maji yake ya baridi. Vyuma vilifika hapo mwezi wa Mei 1899, wahandisi wakasimama kujiandaa kabla ya kulikabili Bonde la Ufa, na kusimama kwao ndiko kulikouanzisha mji wa Nairobi. Nairobi, basi, ulianza kama kituo. Nataka msomaji alishike jambo hilo tutakapoufikia mjadala wa barabara inayopita juu ya mji.

Katika vituo vya reli vilivyosalia nyoyoni mwa watu, viwili vina habari za pekee. Pale Mackinnon Road, ubavuni mwa reli, uko msikiti mdogo wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, mfanyakazi wa reli aliyetoka Punjab. Husimuliwa kwamba karai alizobeba za kokoto hazikugusa kichwa chake, bali zilielea juu yake, na wenziwe wakajua kuwa ni walii. Sina haja ya kuithibitisha karama hiyo wala kuikanusha. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba basi la Mombasa hupunguza mwendo hapo, dereva akageuza usukani kando, abiria wakashuka, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wengine wakaingia kusoma Fatiha, wengine wakatia sarafu katika sanduku la sadaka, na mama mmoja mzee aliyekuwa mbele yangu akainama kuchota maji ya birika akajipaka usoni taratibu kana kwamba hakuna aliye na haraka duniani. Dakika kumi, kisha tukaondoka. Mbele zaidi, Makindu, liko hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli, ambako mpaka leo mpita njia yeyote hupewa chakula bila kuulizwa dini yake wala kudaiwa thamani, akila ameketi pamoja na wengine na kuondoka na dua. Nyumba hizo mbili za ibada zimemhudumia msafiri kwa miaka mingi katika nchi kavu isiyo na ukarimu wa asili, na zote mbili zipo kwa sababu moja tu, kwamba watu wa reli walisimama hapo.

Barabara ya magari, katika siku za ukoloni, iliachwa iwe ya mavumbi kwa makusudi. Serikali iliyokuwa na deni la reli haikutaka lori lishindane nayo, na katika miaka ya 1930 ilitunga sheria za kuzuia usafirishaji wa mizigo kwa magari sambamba na vyuma. Hapa nasimama kidogo kumjibu anayedai kwamba mikataba ya siku hizi, ya kumhakikishia mwekezaji mapato yake kwa kuminya njia nyingine, ni uvumbuzi wa zama zetu. Ni desturi kongwe. Na katika miaka ya 1950, karibu na mwisho wa njia hiyo, wafungwa wa vita vya Mau Mau walitolewa kizuizini wakachimba na kusawazisha kiwanja cha ndege cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1958 na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa ndicho kiwanja cha kimataifa cha Nairobi. Magari yanayoteleza leo juu ya nguzo kutoka upande huo yanapita karibu na ardhi iliyolainishwa kwa mikono ya watu hao, waliofanya kazi chini ya bunduki.

Baada ya uhuru lami ikakamilika kati ya Mombasa na Nairobi, na lori likapata siku zake. Tofauti na treni ya dizeli, ambayo haikuwa tena na kiu ya maji na ikaanza kuviruka vituo vyake, lori lilirudisha tabia ya msafara: dereva na utingo wake hulala njiani, hula njiani, huziba pancha, hununua nyanya na vitunguu vya kupeleka nyumbani. Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Salama, yote ikawa miji ya taa za usiku. Basi la saa nne ya usiku likitoka Mombasa husimama Mtito Andei kama katikati ya safari, na aliyewahi kushuka hapo saa nane anaijua harufu yake: moshi wa mkaa, nyama ya mbuzi, chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi katika birika kubwa lisiloondoka jikoni, dizeli, na vumbi lililotulizwa kwa maji ya ndoo. Mpishi mwenye kibanda hapo hajui jina la abiria hata mmoja, lakini amesomesha watoto kwa mikate na mayai ya watu asiowajua. Karibu na Nairobi, malori yaliyongoja kupimwa uzito katika mizani yalipanga mstari mrefu hata mji uliochipuka kando yake ukaitwa Mlolongo.

Sasa tuingie zama zetu. Tarehe 31 Mei 2017 ilizinduliwa reli mpya ya SGR, kwa mkopo wa China na kwa gharama ya shilingi zaidi ya bilioni 300, nayo humfikisha abiria Nairobi kutoka Mombasa kwa muda wa saa tano hivi. Abiria wengi wameifurahia, na mimi ni mmoja wao. Lakini serikali ilipoagiza shehena yote ya bandari ipande reli hiyo, ili deni lilipwe, watu wa Mombasa waliandamana mwaka 2019, kwa kuwa waliona maghala, gereji, migahawa na kazi za upakiaji zikiondolewa pwani na kupelekwa bara. Na miji ya lori niliyoitaja ikaanza kuzima taa zake. Agizo hilo liliondolewa mwaka 2022. Hesabu ilikuwa ile ile ya mwaka 1901: njia iliyogharimu sana haina budi kujilipa, na mwenye kulipa akawa yule ambaye hakuketi mezani.

Mwaka huo huo wa 2022, mwezi wa Mei, magari yaliruhusiwa kupita katika Nairobi Expressway, barabara ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake ikiwa juu ya nguzo. Ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation, kwa zaidi ya dola milioni 600 za Kimarekani, kwa mpango wa ubia ambao humpa mjenzi haki ya kukusanya ada kwa miaka 27 kabla ya kuikabidhi kwa serikali. Gari dogo lililopita mwanzo hadi mwisho lilitozwa shilingi 360 hapo awali, na tangu Januari 2024 shilingi 500. Haifai kuibeza. Aliyewahi kukwama Mombasa Road jioni ya mvua, saa mbili nzima kutoka uwanja wa ndege hadi mjini, huku gari la wagonjwa likilia nyuma bila mtu kuweza kupisha, anafahamu kwa nini watu waliishangilia. Mwendo huo sasa ni wa dakika ishirini. Nchi inayotaka biashara haiwezi kuukubali msongamano kama kadari, na wanaosema tusijenge chochote kwa sababu ya madeni hawajamweleza mkulima wa Kibwezi jinsi maembe yake yatakavyofika sokoni kabla hayajaoza.

Hata hivyo barabara hiyo imekamilisha kile nilichokieleza tangu mwanzo. Bodaboda haziruhusiwi kuipita, wala tuktuk, wala mtu kwa miguu. Neno kituo limebaki, lakini sasa ni jina la pale dereva anapolipa ada, dirisha likafunguka na kufungwa, na ada hiyo huondoka kwenda kwa mwenye mtaji. Chini yake maisha yanaendelea. Saa kumi na mbili ya asubuhi, pale Imara Daima, makundi ya watu hutoka mtaa wa Mukuru kwenda viwandani, kwa miguu, mwanamume mwenye viatu vya kazi vilivyofungwa kwa kamba shingoni asije akavichafua, mwanamke mwenye mtoto mgongoni na chupa ya chai mkononi, wakijibana kati ya nguzo na ukuta, wakingoja nafasi ya kuvuka penye magari yasiyosimama. Mjini Nairobi safari zaidi ya nne katika kila kumi ni za miguu. Hao ndio wapagazi wa siku hizi, ambao mji umewatwisha mzigo wake, na katika mchoro wa barabara walipewa kile kilichosalia. Mwisho wa mwaka 2021 maelfu kwa maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga waliona nyumba zao zikiangushwa na tingatinga kwa ajili ya barabara ya kuunganisha, wengine wakalala juu ya vifusi vyao wakati wa mvua.

Asije mtu akasema kwamba mchoro ukishachorwa haugeuki. Katika Waiyaki Way, upande wa Westlands, ulikuwapo mti wa mugumo unaokadiriwa kuwa na umri wa karne moja, wenye kimo cha nyumba ya ghorofa nne, na mugumo kwa Wakikuyu ni mti wa ibada usiokatwa ovyo. Barabara ilikuwa imepangwa kupita hapo, na mti ungʼolewe ukapandwe penginepo. Watu wakasimama kuutetea, na mwezi wa Novemba 2020 ikatoka amri ya Rais kwamba mti usiguswe, nao ukabaki. Wahandisi waliosema hesabu haikubali wakaona hesabu ikikubali. Mti ulikuwa na wasemaji. Na mimi naufurahia kwa dhati, ila najiuliza kwa nini mwenye kwenda kwa miguu alihitaji kuwa mugumo ndipo asikike.

Lililo mbele yetu ni kubwa kuliko kilomita 27. Mwaka 2017 ulitiwa saini mpango na kampuni ya Bechtel ya Marekani wa kujenga barabara ya kasi ya kilomita 473 kutoka Mombasa hadi Nairobi, nao haukujengwa. Baada yake wawekezaji wengine wa Marekani walipendekeza barabara ya kulipia iliyopewa jina la Usahihi, ya takriban kilomita 440, juu ya njia hii hii ya Kivoi na ya Mackinnon. Naamini barabara pana itajengwa, leo au kesho, kwa fedha hizi au nyingine, kwa sababu barabara ya sasa, ya lori linalopita lori usiku katika njia moja nyembamba, imekwisha kuua watu wengi mno. Siipingi. Ninalopinga ni kuijenga kama bomba, lililofungwa kwa uzio pande mbili, lenye mdomo Mombasa na mdomo Nairobi na milango michache katikati yake, kwa jinsi mwenye kuvuna ada apendavyo, ili watu wa kilomita mia nne wabaki kuisikia tu ikinguruma. Miji ya njiani haikujengwa na serikali wala na mwekezaji. Ilijengwa na kusimama kwa watu, na kinachoijenga kikiondoka haitasubiri fidia.

Kwa hiyo, kabla ya mkataba wowote wa barabara hiyo kutiwa saini, naomba mambo yafanywe kwa taratibu ya hongo ya zamani, yaani hadharani na kwa kuhesabiana. Wenye nchi waitwe barazani mmoja mmoja, kutoka Mariakani hadi Mlolongo, waulizwe mlango wa barabara uwe wapi, soko la nyanya lihamie wapi, mtoto wa shule avuke wapi, na katika kila shilingi ya ada sehemu gani ibaki katika kata ambayo barabara inapita. Njia ya zamani isiachwe ioze ili mpita njia alazimishwe kulipa. Iwekewe vijia vya miguu na baiskeli, itiwe lami, itunzwe. Na wachoraji watakapofika Mackinnon Road na Makindu, waweke kalamu chini kidogo, washuke garini, wale chakula wanachopewa bure, kisha waache hapo njia ya kutokea.